Nyumba ya Kiponda na Mwenye Eda

Kiponda, Unguja
4 Agosti 1954

Mdogo wangu Darwesh,

Marahaba, maana najua ushanishika miguu huko huko Mombasa kabla hujachana bahasha. Sisi wazima. Shangazi Mwatima hajambo, macho tu ndiyo yanazidi kumfifia. Jana nimemkuta anamgombeza paka wa jirani, na paka mwenyewe keshakwenda zake zamani. Kofia zangu za viua zinatoka, ila wateja siku hizi wanataka kushonewa kwa mwezi na kulipa kwa mwaka.

Cheka kidogo kwanza. Kificho wa nyumba ya pili kaleta mbuzi wa Idi kutoka shamba, akaogopa ataibiwa, akampandisha juu orofa ya tatu. Kupanda kapanda kama mwenye nyumba. Kushuka hataki! Wamemsukuma watu wazima wanne, kawarusha ngazini wote. Mke wa Kificho anasema na achinjwe huko huko jikoni, lakini Kificho anaona haya kuteremsha mbuzi vipande vipande.

Haya, sasa jambo. Mzee Masoud kafariki. Amezikwa wiki iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, watu walijaa mpaka Malindi.

Na wewe wajua maana yake kwetu, lakini wacha niseme nijisikie mwenyewe. Marehemu baba, ule mwaka karafuu zilipomtupa, alimuuzia Mzee Masoud nyumba hii kwa bei khiyari. Imeuzwa haijauzwa. Sisi tukae tulipe kodi kama wapangaji, na tukimrejeshea pesa zake kabla ya muda, nyumba yetu. Muda ukitupita, bei imekatika, nyumba yake. Shangazi hajui kitu katika haya na hatojua.

Muda ndio huo, mwisho wa Mfunguo Sita, baada ya Maulidi. Mwaka jana Mzee Masoud alituongezea kwa neno tu, kasimama barazani kwake na tasbihi mkononi: "Nendeni, mwaka mwengine." Sasa neno nalitafuta kwa nani? Nimekwenda afisini kwake, namkuta karani wake Mmanga. "Bi Badriya, mie karani tu. Wenyewe watoto wa marehemu, wako Maskati, barua zimekwenda. Njoo kesho." Nikenda kesho. Nikenda na kesho yake. Yule bwana kesho zake haziishi.

Nipe shauri.

Dadako,
Badriya


Mombasa
19 Agosti 1954

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idi njema kwako na kwa Shangazi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya mbuzi. Hukusema kama ameshuka.

Mungu amrehemu Mzee Masoud. Usihangaike kwenda na kurudi kwenye jua. Mambo haya siku hizi ni ya maandishi. Nimemwandikia Mmanga barua ya heshima, na nyengine kwa watoto wa marehemu Maskati, nimeomba watuongezee mwaka mmoja tu. Watajibu. Watu wa biashara lazima wajibu.

Pesa ntaleta kwa manioda ya posta mwisho wa mwezi. Mimi mzima, kazi nyingi, sina la kueleza zaidi.

Mdogo wako,
Darwesh


Kiponda
14 Septemba 1954

Darwesh wangu,

Salamu zangu zisizopimika. Shangazi anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula. Unakula?

Mbuzi ameshuka. Walimfunga kitambaa machoni, akateremka kama bi harusi, na nusu ya Kiponda imesimama barazani inapiga vigelegele. Nyama ilikuwa ngumu.

Manioda haijafika, labda stima imechelewa. Mmanga nimemuuliza juu ya barua yako, akanambia imefika na imewekwa. Imewekwa wapi? "Imewekwa, Bi Badriya." Kutoka Maskati hakuna hata karatasi tupu.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Mzee Masoud kaacha mke, Bi Bahiya. Yumo edani, miezi minne na siku kumi, na mwanamume asiye maharimu hamwoni wala hasemi naye. Hata Mmanga akitaka neno lake humtuma mtumishi, na mtumishi hulirudisha nusu, nusu ya pili kaisahau ngazini. Nikajiambia, Badriya, wewe mwanamke! Hao wanaume wanaandikiana barua, wewe ngazi zile hakuna wa kukuzuilia. Nikajitupia buibui langu nikenda.

Nimemkuta peke yake chumbani juu ya mkeka, nguo nyeupe, hana wanja hana udi. Mtu wa makamo kama mie. Nikampa mkono wa tanzia nikakaa. Maneno yangu nimeyapanga njia nzima, khiyari, muda, baba, Mfunguo Sita. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza:

"Huko nje kuna nini?"

"Wapi, bibi?"

"Popote. Watu wanakuja wananisomea Yasini, wanajifuta macho, wanakwenda zao. Hakuna anaenambia hata bei ya ndizi."

Basi Darwesh, wanijua. Nikampa bei ya ndizi. Nikampa na muuza ndizi, na ugomvi wake na mama mkwe. Nilipofika kwa mbuzi wa Kificho alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa ushungi, kaona haya, msiba ndani ya nyumba. Nilipoinuka akasema, "Kesho utakuja?" Nikasema ntakuja.

Nshafika nyumbani, nshavua buibui, ndio naikumbuka nyumba.

Usiwe na wasiwasi, kesho namwambia.

Badriya


Mombasa
29 Septemba 1954

Dada,

Shikamoo. Mzima mimi, na nakula, mwambie Shangazi.

Umeniletea karatasi nne na zote nimezifurahia. Lakini nyumba, Da Badriya. Ulisema kesho. Umemwambia?

Mmanga hajanijibu. Maskati hawajanijibu, nimewaandikia mara ya pili. Manioda imechelewa kwa mambo ya afisini, itakuja.

Nijibu kwa neno moja tu.

Darwesh


Kiponda
18 Oktoba 1954

Darwesh ndugu yangu wa mama mmoja,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mvua za vuli zimeanza mapema, na pale pembeni pa ngazi pamerudia kuvuja. Nimeweka sufuria, na Shangazi kila akipita huifunika akidhani nachemsha kitu. Mwatum, yule binti wa jirani aliyeolewa huko kwenu, kaja kumzuru mamake, akasema kakuona. Nimefurahi.

Neno moja unataka. Neno lenyewe ni bado.

Ngoja usinune! Nnakwenda kila alasiri baada ya kusali. Tunakunywa kahawa, nashona kofia zangu, nae kanichukulia kofia moja ananisaidia kushona viua, mkono wake mzuri kuliko wangu. Nshamweleza mji mzima. Nshamweleza Shangazi na sufuria, na ngazi zangu zinavyovuja. Ninachokula, ninachoota. Hilo moja tu sijamwambia.

Nalitia ulimini, nalimeza na kahawa. Mara ngapi sasa, sijui.

Mwanamke yule kazaliwa Pemba, huku hana mtu. Kaolewa baada ya mke wa kwanza kufa, watoto wa Maskati hawajapata kumwita mama. Mwenyewe hakuzaa. Na toka siku ya khitma kila anaepanda ngazi zile ana lake. Huyu anasema marehemu alimuahidi saa yake ya mfukoni. Huyu anataka zulia la ukumbini, ati kwa msikiti. Wifi yake, dada wa marehemu, kaja kuhesabu masinia, na machozi hayajamkauka. Juzi Bi Bahiya ananambia, "Badriya, nikisikia kiatu chako ngazini roho yangu inatulia. Najua huyu hana anachotaka."

Sasa nambie, Darwesh, wewe uliesoma. Baada ya kuambiwa hivyo, nafungua mdomo vipi?

Wiki ijayo, inshallah.

Badriya


Mombasa
27 Oktoba 1954

Dada,

Shikamoo. Natumai nyote wazima.

Wiki ijayo, na ijayo, na Maulidi ndiyo hiyo inakuja. Wewe na Mmanga sasa mnasema lugha moja.

Sikulaumu. Huwezi, basi wacha. Nimemwandikia Bi Bahiya mwenyewe, kwa khati nzuri na maneno ya adabu. Ataipata kabla ya hii yangu au pamoja nayo.

Darwesh


Kiponda
11 Novemba 1954

Darwesh! Darwesh! Darwesh!

Salamu ntakutolea chini huko, sasa hivi sinazo.

Umemwandikia barua mwanamke aliye edani? Wewe, mwanamume asiyemjua, huna mke, mji mzima wanajua huna mke? Nani kakushauri? Au Mombasa hakuna eda?

Mie nimekaa nashona. Wifi yake yupo, keshamaliza masinia sasa anatazama mapazia. Mtumishi akaleta barua, ina stempu ya ng'ambo, Bi Bahiya akadhani ya Maskati akampa wifi aisome. Wifi akasoma kwa sauti kama anasoma Maulidi: "Kwako Bi Bahiya, mwenye heshima na subira. Mimi ni kijana niliye mbali, mwenye shida moja moyoni, na ufunguo wa shida hiyo uko mkononi mwako peke yako."

Darwesh, ukimaliza kuandika husomi?

Wifi katupa barua kama kaungua. "Astaghfirullah! Eda haijatoka, posa ishaingia!" Mtumishi naye, badala ya kunyamaza, anauliza kijana huyo ana kazi gani. Bi Bahiya kawa kama ukuta uliopakwa chokaa. Nikaona hapa mwenzangu anafedheheka bure, kesho mji mzima utasema ana mtu Mombasa. Na mji ukisema, mie najua unavyosema.

Basi nikasema. "Huyo ndugu yangu, tumbo moja. Hataki mke huyo. Anataka nyumba."

Wifi kaiokota barua, kasoma mpaka mwisho, akakuta kweli nyumba, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Bi Bahiya hakucheka. Akaniangalia tu.

"Nyumba ya Kiponda iliyo kwenye khiyari. Ndiyo yenu?"

"Ndiyo yetu."

"Na ndiyo iliyokuleta hapa."

Mie, Darwesh! Nilikusanya sindano na nyuzi zangu, nikashuka.

Kesho yake nikenda. Mtumishi kaniambia chini mlangoni, "Bi Bahiya amelala." Kesho yake amelala. Maulidi imesomwa, watu wamekula halua, yeye amelala. Watu wanaolala nawajua mie, huo si usingizi.

Sikukasirikii. Nimekukasirikia kidogo. Nyumba imebakisha siku chache na nnavyokwambia kweli, usiku naumwa zaidi na ule mkeka wa alasiri.

Shangazi anakusalimu, na mie nakusalimu.

Badriya


Mombasa
21 Novemba 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeona haya mpaka nimeshindwa kushika kalamu, ndiyo maana nimechelewa. Nakuomba radhi wewe, na ukipata njia muombee radhi na Bi Bahiya. Nilidhani naandika kwa adabu. Nilitaka nionekane na mimi nimefanya kitu kwa nyumba ya baba.

Manioda haitokuja mwezi huu. Wala mwezi ujao usiitazamie. Tafadhali usiniulize.

Nyumba ikitupotea, mchukue Shangazi muende kwa akina mama huko Makunduchi, mimi ntawaleteeni nitakachopata. Mwambie tunakwenda kutembea.

Nimeota ngazi zetu jana.

Darwesh


Kiponda
10 Desemba 1954

Darwesh, mwanga wa jicho langu,

Nakuanzia na lililo zito, usije ukasoma karatasi zote na roho mkononi. Nyumba imekatika. Mfunguo Sita imekwisha, pesa hatukupeleka, muda hatukuongezewa. Si yetu tena.

Sasa kaa chini, usikilize ilivyokuwa.

Siku ile ya mwisho nilivaa buibui nikasema nakwenda kwa Mmanga nikamlilie. Nimefika njia panda, miguu haikwenda kwa Mmanga. Imekwenda kule. Mtumishi kanitokea mlangoni: "Bi Bahiya ame..." Nikamwambia najua, wacha alale. Nikasimama chini ya ngazi nikapandisha sauti: "Mwambie akiamka, yule muuza kahawa wa Mkunazini kauza kitanda kanunua gramafoni, na mkewe kakasirika sasa anailalia gramafoni, haipigwi wala haiguswi!"

Nikageuka niondoke. Ndio nasikia kutoka juu:

"Anailaliaje, na ile pembe yake?"

Nikapanda mbio, magoti yangu haya.

Nikamwambia kila kitu, nimesimama, sijavua hata viatu. Nikasema kweli siku ya kwanza nyumba ndiyo iliyonileta, naapa. Lakini bei ya ndizi nayo ilikuwa na nyumba gani? Akaniuliza kwa nini basi sikusema siku zote zile, yeye mwenyewe alijua zipo nyumba za khiyari, hakujua za nani. Nikasema, "Ningesema ungenijibu. Na ukishanijibu, ndiyo au hapana, ningekuja tena kesho nikidai nini?"

Kisha akanambia, "Leo siwezi kukuongezea muda, Badriya. Mali si yangu, ni ya warithi. Mie nina thumuni tu, fungu moja katika manane, na halijagawiwa." Nikasema najua. Tukakaa. Tulikula mbaazi na mikate ya mofa mpaka magharibi ikaadhiniwa, na muda ukatoka, na hapana kati yetu alieutaja.

Siku chache baadae akatoka eda. Na Maskati, waliokuwa hawana wino, wametuma wakala kwa stima! Wanataka nyumba ile kubwa ya marehemu iuzwe upesi. Wakagawa mirathi. Wakala akamuuliza, kwa thumuni yako wataka nini? Wifi yake keshaeneza, tena kwa kununa, kwamba Bi Bahiya atachukua duka la marehemu la Darajani. Bi Bahiya akasema kupitia mlangoni, "Nataka nyumba ya Kiponda. Na waliomo wasiguswe."

Wifi akasema kachanganyikiwa, nyumba ile inavuja. Akamjibu, "Najua inapovuja. Pembeni pa ngazi, na sufuria nishaambiwa."

Amehamia jana, orofa ya juu, kitanda chake na kasha lake na ule mkeka. Kodi kaikataa. Wachukuzi walipokuwa wanapandisha kitanda, Shangazi Mwatima kaketi chini anaona kivuli kinapita, akauliza, "Wewe ndiye mpangaji mpya?" Nikataka kufa. Bi Bahiya kainama kamshika miguu akamwambia, "Naam, Shangazi. Mpangaji." Shangazi kamwambia asipige misumari kutani bila ya ruhusa. Akasema hatopiga.

Usiku nikamwambia, tukipata tutakuja kuikomboa kwako. Akanambia, "Mkishaikomboa, mie ntakwenda wapi?" Tukacheka sana. Na maneno yenyewe ni ya kweli. Halafu tukacheka tena.

Na wewe sasa. Mwatum alinambia tangu Oktoba kwamba afisi imekuachisha, unapakia magunia bandarini. Mie sikusema kwa kuwa wewe hukusema. Lakini yatosha. Wacha kuhangaika kwenye barabara za watu kwa ajili ya nyumba ambayo haipo tena kwenye shingo yako. Njoo nyumbani. Kazi ya magunia iko na Unguja, na hapa utakula nikikuona.

Chumba chako cha chini nimekifagia. Ila Darwesh, ukifika usiingie ukaparamia ngazi kama ulivyozoea tangu mdogo. Juu mna mwanamke asiye maharimu wako, tena ndiye mwenye nyumba. Simama pale mlangoni, ukohoe, usubiri ajitande. Najua kaijenga babu, najua baba kafia humo. Piga hodi.

Dadako,
Badriya